Kabla hujabisha hodi kwa mama pima: kwa mhamasishaji mpya wa afya

Umepewa fulana, begi lenye mashine ya presha, simu, na nyumba kama mia moja za kutembelea. Hongera. Kabla mwezi haujaisha mtu atakuvuta nyuma ya jiko akunong'oneze kuhusu mume, mtoto au shemeji anayekunywa kwa mama pima, yule mwanamke anayepika pombe haramu na kuiuza kwa kipimo. Mimi nimeifanya kazi hii upande wa Mumias tangu tukiitwa wahudumu wa kujitolea, kabla ya 2023 tulipobadilishiwa jina na kugawiwa mabegi, na hakuna semina iliyonitayarisha kwa mnong'ono huo. Wala usidhani ni kijiji chako tu. Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, uliiweka Magharibi mbele ya maeneo yote ya Kenya kwa unywaji wa pombe, asilimia 23.8 ya watu wa miaka 15 hadi 65.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mdomo. Katika baraza moja naibu chifu aliuliza kama kuna anayejua pombe inapikwa wapi, nami, nikitaka nionekane nafanya kazi, nikasema kando ya mto kuna shida. Sikutaja jina. Halikuhitajika, kando ya mto kuna boma tatu tu. Alhamisi alfajiri msako ukaja, mapipa yakatobolewa, kangara, ile pombe changa inayochemshwa kuwa chang'aa, ikamwagwa hadi mtaro ukanuka wiki nzima, na mjane mmoja, mama pima wa hapo, akalala seli. Kufika Jumapili alikuwa amerudi na moto umewaka tena, kwa sababu karo haikuwa imemsubiri. Mimi ndiye niliyefungiwa milango. Nikipiga hodi, mtoto anatoka kuniambia wakubwa wako shambani, na nyuma ya pazia naona miguu yao. Hata wake waliokuwa wakinililia kuhusu waume zao waliacha kunililia.

Katika miezi hiyo ndipo mpakiaji mmoja wa miwa, mtu wa kunywa chang'aa tangu asubuhi kwa zaidi ya miaka kumi, alifungiwa na kaka zake katika jiko la zamani la mama yao. Walikuwa wametoka kwenye maombi na walikuwa na nia njema kabisa. Walimwekea maji, uji na blanketi, wakatia kufuli. Siku ya kwanza alitetemeka. Usiku wa pili alipiga kelele kwamba siafu wanapanda ukutani, nao wakasema ni pepo wa pombe wanatoka. Siku ya tatu alishikwa na degedege. Nyumba yangu iko umbali wa mashamba mawili na hakuna aliyenitumia mtoto. Nani angemwita jicho la chifu? Nilijua habari kwa vilio.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ulishike ni la mwili, si la sheria. Mtu anayekunywa sana kila siku, akiacha ghafla, anaweza kufa kwa kuacha. Kutetemeka na jasho huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Degedege huja mara nyingi katika siku mbili za mwanzo. Kuweweseka, kuona wadudu na watu wasiokuwepo, huja kuanzia siku ya pili au ya tatu, na hapo ndipo wengi hupotea. Hospitalini hupewa dawa ya kutuliza mishipa, kama diazepamu, na vitamini B1 ya sindano, na kwa wengi hilo linatosha kuwavusha. Kijijini hatuna hizo. Basi usimwambie mnywaji wa namna hii "acha leo". Mwambie aje mwende pamoja hospitali, na mpaka siku hiyo ifike apunguze kidogo kidogo. Utaonekana unatetea pombe. Vumilia.

Utamjuaje wa namna hii? Kuna maswali manne ambayo wauguzi hutumia, nami huyauliza kwa lugha yetu, bila karatasi, tukipukuchua mahindi. Umewahi kufikiri upunguze? Watu wakikusema kuhusu pombe unakasirika? Umewahi kujisikia vibaya kwa kunywa? Na je, asubuhi lazima utoe loku kwanza, yaani unywe kidogo cha kuondoa uchovu wa jana, ndipo mikono itulie? Mawili yakijibiwa ndiyo, sogea karibu. Hilo la loku likijibiwa ndiyo, usibanduke. Mzee mmoja fundi wa baiskeli alinikana yote manne huku akicheka. Nikamwomba anipokee kikombe cha chai. Chai ilimwagika kwenye kisahani hadi kikajaa, akakitazama, akasema, "Daktari, umenishika."

(Watakuita daktari. Wewe si daktari. Sahihisha mara mbili tatu, kisha uache, la sivyo utafanya kazi hiyo tu.)

Nilirudije milangoni? Kwa aibu, na kupitia kwa yule mjane. Nilimwendea nikakaa kwenye kigoda chake, nikamwambia ni mimi niliyesema. Alinyamaza muda mrefu akikoroga. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi hawa nawajua kuliko wake zao. Najua nani hali siku tatu. Najua nani anatapika damu. Ungeniuliza." Alikuwa sahihi. Mama pima anajua nani ameongeza kipimo, nani ameanza kuja kabla jogoo hajawika, nani amenunua kwa kuuza sare ya mtoto. Ukitaka rejista ya wagonjwa wa pombe katika kijiji chako, ameibeba kichwani.

Watu watakuuliza mbona unakaa na wavunja sheria. Ni kweli, sheria ya 2010 iliruhusu chang'aa kwa mwenye leseni na chupa ya glasi, lakini hii ya mtungi wa plastiki kando ya mto bado ni haramu. Usiseme vinginevyo, na usiisifu. Ila ujue pia kwamba malipo ya miwa yalikuwa yamechelewa kwa miaka hata kabla kiwanda cha Mumias hakijawekwa chini ya mrasimu, msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni, mwaka 2019, na moto wa kangara ndio uliowasomesha watoto wengi unaowaona na digrii. Kazi ya msako ina wenyewe wanaolipwa kuifanya. Ukiifanya wewe, hakuna mwingine atakayefanya yako.

Makubaliano yangu na yeye yalikuwa machache. Asimpimie anayetetemeka bila kunitumia habari. Asimpimie mtoto wala mjamzito. Na siku mzigo umetoka mahali asipopajua, asiuze. Hili la mwisho ndilo lililomwingia haraka, kwa kuwa anaogopa methanoli kuliko polisi. Wanaochakachua huongeza spiriti ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali, na mnywaji hulewa kama kawaida, akalala, akaamka baada ya nusu siku au zaidi akiona ukungu, tumbo likimkata, kichwa kikigonga. Akikwambia taa zimezimwa na ni mchana, usimpe maziwa, usimtapishe, usingoje pikipiki ya bei nafuu. Hospitali kubwa, sasa hivi, na waliokunywa naye mtungi ule ule waende pia hata kama wanacheka.

Pombe ndiyo kubwa huku, lakini usilale upande wa tembe. Wapakiaji wa miwa na vijana wa boda hununua tramadoli kwenye duka la dawa kwa ajili ya mgongo, na miezi michache baadaye mgongo umepona, tembe zimebaki. Wengine ni dawa ya kikohozi yenye kodeini. Nao hawajioni kama watumiaji, "mimi situmii kitu, ni dawa ya hospitali hii." Kuziacha huuma: mafua, kuhara, mifupa kuwaka, kukosa usingizi. Kwa mtu mzima mwenye nguvu mateso hayo kwa kawaida hayaui. Kinachoua ni kuchanganya na chang'aa, kwa sababu vyote viwili hupunguza pumzi. Ukimkuta mtu haamki ukimtikisa, anakoroma kwa nafasi ndefu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, midomo imegeuka rangi, huyo halali. Mlaze ubavu, mwite kwa sauti, mpulizie pumzi mdomoni ikiwa anazikosa, na mfikishe mahali penye naloksoni, dawa ya kurudisha pumzi hiyo.

Halafu kuna wanaorudi. Mwaka mmoja kijana alikuja matangani kutoka Mombasa. Kule alikuwa akinywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, kliniki kila siku, tiba ambayo nchini ilianza katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014 kisha ikafika Pwani. Hakuna aliyemwambia, au hakusikia, kwamba safari lazima ipangwe na kliniki. Siku ya pili ya matanga alikuwa kwenye arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, amejikunja nyuma ya tangi la maji, na wajomba wakisema ana malaria. Tulipiga simu kwa kliniki yake na wauguzi wakatusaidia kumrudisha kwa basi la usiku. Nilichokuwa nikikiogopa si arosto yenyewe. Aliyekaa wiki kadhaa bila unga, yaani heroini, mwili umesahau kipimo, na akirudia kile cha zamani anaweza kufa hapo hapo. Hili waambie wazazi wa kila anayetoka jela au nyumba ya kurekebishia tabia.

Dawa za siri zile zinazobandikwa kwenye nguzo za stima, "acha pombe bila yeye kujua": hapana. Kuna dawa halali ya vidonge inayomfanya mtu augue akinywa, lakini hutolewa na daktari, kwa mtu aliyekubali, aliyepimwa ini na moyo. Ukimtilia mumeo kwenye mboga kisha akaenda kunywa, unaweza kumwua.

Ukimfikisha mgonjwa hospitali, ulimi wako ndio kadi yake. Kuna mahali niliambiwa, "Huyu ni mlevi, mrudishe akilevuka," na kulevuka ndiko kulikokuwa kunamwua. Tangu siku hiyo silitumii neno mlevi mlangoni. Nasema: amekunywa kila siku kwa miaka minane, glasi ya mwisho jana saa mbili usiku, anatetemeka tangu asubuhi, hana historia ya kifafa, ameanza kuona wadudu. Andika kwenye daftari kabla ya kufika. Mhudumu akisikia saa na dalili humwona mgonjwa. Ukikwama kabisa, namba ya NACADA ni 1192, haitozwi.

Baada ya hospitali ndipo penye kazi ndefu, nami sina mengi ya kujigamba. Wengi wanarudia. Nyumba za kurekebisha tabia ni ghali na ziko mbali. Kilichonipa moyo ni kazi ya watafiti wa AMPATH, mpango wa matibabu ya VVU kule Eldoret, waliowafunza watu waliomaliza sekondari tu kuongoza vikundi vya wagonjwa wa VVU wanaokunywa, kwa Kiswahili, mikutano sita, wanaume kwao na wanawake kwao, na unywaji ukapungua. Kikundi chetu hukutana Jumanne chini ya mwembe wa shule, saa kumi, saa ile ambayo zamani wangekuwa kando ya mto. Wako saba. Mwezi uliopita walikuwa tisa. Tunazungumzia hasa pesa: siku ya malipo ya miwa nani ataishika, nani atamsindikiza nani kupita ile njia. Fundi wa baiskeli humpa mkewe pesa zake hapo hapo mbele yetu, akihesabu kwa sauti, na mikono yake ukiitazama utaona bado inatetemeka kidogo ikifika noti ya mwisho.

Wiki iliyopita saa nne usiku mjukuu wa yule mjane alipiga hodi kwangu, miguu mitupu, tochi ya simu mkononi. "Kukhu (ndivyo tunavyomwita bibi) anasema uje na begi. Kuna mtu amekataa kupimiwa, anasema anataka kuacha, na mikono haitulii." Nilimtuma amwambie kukhu asimwache alale peke yake, nikampigia kijana wa boda, nikachukua daftari.