Eti usalama wa saiti haumhusu mchora ramani?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi ni fomeni kwenye saiti ya ghorofa nne hapa Dodoma. Juzi akitekti kaja kukagua, raba nyeupe, kichwa wazi, nikampa helmeti akakataa, halafu nilivyomwambia ile ngazi ya chuma ya kupandia kwenye tanki juu ya paa ni hatari akanijibu mambo ya OSHA (wale wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) ni ya kontrakta, yeye kazi yake mchoro. Ni kweli?

JIBU: Kwenye helmeti hana pa kujitetea, hilo tuliache. Kwenye ngazi ana kaukweli kidogo, maana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 mzigo mkubwa imemtwisha mwajiri, na saiti mwajiri wa mafundi ni kontrakta. Mi mwenyewe ni mchora ramani na wengi wetu (nisijitoe) tunaziona hizi kanuni kama makaratasi ya watu wengine, tena yanatuharibia mchoro.

Ila angalia, nikichora ukingo wa paa sentimita 30 ili jengo lionekane jepesi, hapo nimeshaamua kwamba fundi bomba atazunguka pale juu bila kitu cha kumzuia, leo na miaka yote jengo litakapokuwepo. Nikiupandisha upite mita moja tatizo limeisha, hata mkanda wa usalama hahitaji. Na vile vioo visivyofunguka vya ghorofa ya nne, atakayevisafisha atasimama wapi?

Ghorofa 16 la mtaa wa Indira Gandhi, Dar, lilipoanguka Machi 2013 likaua watu 36, nchi nzima iliongelea usalama wa majengo. Fundi mmoja akidondoka kwenye mirunda hata jirani hajui.

Uingereza walishaliona hili, kanuni zao za usalama kwenye ujenzi, wanaziita CDM, tangu 1995 zinambana hata mbunifu, na toka 2015 kazi yenye kontrakta zaidi ya mmoja lazima awepo mbunifu mkuu wa kusimamia hatari toka kwenye mchoro. Maakitekti wa kule walilalamika weee, lakini wanafanya.

Sasa wewe usibishane nae juu ya paa. Kikao cha saiti kijacho itaje hiyo ngazi, iingie kwenye minitsi, halafu muombe maelekezo ya maandishi: aibadilishe au tanki lihamishwe. Akitakiwa kuweka saini kwamba ibaki hivyo hivyo utaona anavyoomba mchoro wake arudi nao ofisini. Na helmeti za wageni zitundikeni getini kabisa, asiyevaa haingii, raba nyeupe au nyeusi.