Shangazi, nikipandisha dau wote wanakimbia

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Morogoro, nafanya kazi ghalani hapa Houston, Texas. Jumamosi mbili kila mwezi tunakutana watu tisa nyumbani kwa mwenzetu, tunacheza poka, ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Kila mtu anatoa dola 20, anapewa chipu za 5,000. Madau ya lazima, yanayowekwa kwa zamu na watu wawili kila mgao, yanaanza 25 na 50, kila dakika 20 yanapanda: 50 na 100, 100 na 200, 200 na 400, 300 na 600, na kuendelea. Tunaanza saa mbili usiku, saa tano kasoro robo tumeshamaliza.

Mimi nasubiri. Natupa karata mpaka nipate ree mbili, K mbili, Q mbili, au ree na K. Hata hivyo natoka wa tano au wa sita kila mara, na wamenibandika jina la Mlinzi. Nikipandisha dau wote wanatupa, naambulia madau ya lazima tu. Juzi nimepata ree mbili, nikasema leo nawatega, nikafuata kimyakimya bila kupandisha. Wakaingia watu watano. Shemeji yangu aliyeshika 7 na 4 akanikomba zote. Huyo anafuata kila kitu, na mwaka huu ameshashinda mara mbili. Sasa kusubiri kuna faida gani?
Mlinzi, Houston

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni na baridi ya magodauni. Nilipikia wazee wa watu Dallas miaka kumi na miwili kabla sijarudi zangu Tanga, na karata za Ijumaa usiku ndizo zilinifunza Kiingereza. Kabla ya hapo nilijua wahedi wa sitini tu, niliyofundishwa barazani kwa babu. Kwa hiyo meza yenu naiona kama nimeketi hapo.

Tuanze na hesabu, maana wewe huna tatizo la subira, una tatizo la saa. Watu wanaochanga karata kwa mkono huku wanakula hutumia kama dakika tatu kwa mgao mmoja. Usiku wenu mzima ni migao hamsini na kitu. Hizo karata unazozingoja zote kwa pamoja huja, kwa wastani, mara moja katika kila migao 39. Ree mbili peke yake huja mara moja katika 221. Maana yake kwa usiku mmoja unapata karata za kukuridhisha mara moja, ukibahatika mara mbili, na pengine zinakuja dakika ya tano, madau yakiwa 25 na 50, wakati hakuna cha maana cha kula.

Huku nyuma chipu zinaliwa. Saa ya kwanza madau ya lazima yanakupitia mara mbili hivi, yanamega kama 400. Unabaki na 4,600 na unajiona uko salama, maana hujashindwa na mtu. Lakini madau sasa ni 200 na 400. Yakikupitia mara moja tu, zimeondoka 600. Dakika 20 baadaye unaingia 300 na 600 ukiwa na 4,000, yaani hufikishi hata madau makubwa saba, yale ya 600. Hujapoteza mgao, hujakosea lolote, na umeshakuwa maskini wa meza. Ndipo unapoweka zote kwa karata yoyote, kwa hasira, na mtu mwenye chipu nyingi anakufuata huku anatafuna.

Usihesabu chipu, hesabu madau makubwa. Ukiwa na zaidi ya 20, subiri upendavyo. Saa hiyo ya kwanza hata jozi ndogo, 5 mbili au 6 mbili, ifuate kama ni bei ndogo: karibu mara moja kwa kila nane na nusu, ya tatu inatokea kwenye zile karata tatu za kwanza mezani, na shemeji yako ndiye mtu wa kukulipa siku hiyo. Isipotokea, tupa na usione uchungu. Ukishuka kwenye madau makubwa kumi, kufuata dau la mwingine kunakuwa anasa. Weka zote au tupa, na ukiweka uwe wa kwanza. Anayetangulia anaweza kushinda kwa njia mbili, wenzake wakimbie au karata zake ziwe bora. Anayefuata ana hiyo moja ya pili.

Halafu hilo jina. Wamekuita Mlinzi ukanuna! Mimi ningelishonea kofia. Umekaa miezi unajijengea sifa kwamba ukiingia una moto mkononi, watu wanakukimbia, na wewe unalalamika kwamba wanakukimbia. Hiyo ni akiba, mwanangu, hujaitoa hata senti. Madau yakifika 200 na 400, na wewe ndiye mgawaji au uliye kabla ya mgawaji, wote waliotangulia wametupa, pandisha. Hata na ree na 8, hata na K na 10. Wakitupa umepata 600, sawa na mzunguko mzima wa bure. Ukifanya hivyo mara moja kila mzunguko, hakuna atakayeshtuka kwa saa nzima. Mkwara wa mtu mkimya unaaminika kuliko karata halisi za mropokaji.

Ila usimpigie mkwara shemeji. Mtu asiyetupa karata hatishiki, utakuwa unamtishia mbuzi kwa gazeti. Huyo ngoja uwe na jozi ya karata iliyo kubwa kuliko zote za mezani, kisha mtoze, tena kwa bei ya kuumiza.

Kuhusu ree zako: zikikutana na mtu mmoja mwenye karata yoyote ile, zinashinda kama mara 85 kati ya 100. Zikikutana na watano na wote wakabaki mpaka mwisho, hazifiki hata 50. Hukuibiwa na shemeji, wewe ndiye uliyemfungulia geti (na unajiita mlinzi). Ungepandisha mpaka mara nne ya dau kubwa, wakabaki wawili, ukalala vizuri.

Jambo moja halimo kwenye barua yako: ukishatupa karata unafanya nini? Kama unashika simu, migao hamsini yote imekupita bure. Dallas tulikuwa na mama mmoja ambaye akipata jozi nzuri aliweka chini paja la kuku na kufuta vidole kwanza. Ilinichukua Ijumaa tatu kuliona, na baada ya hapo sikumfuata tena akiwa na mikono misafi.

Na ukibaki na kidogo kabisa, usiinuke. Mwaka 1982 kule Las Vegas, kwenye mashindano makuu ya dunia, Jack Straus alisukuma chipu zake zote akashindwa. Akiwa anaondoka akaona chipu moja ya 500 chini ya kitambaa cha karatasi. Kwa kuwa hakuwa ametamka kwamba anaweka zote, wakamruhusu aendelee, na akawa bingwa.

Hapo Texas sheria inawapa kinga wanaochezea mahali pa faragha, mradi kila mmoja ana nafasi sawa na hakuna anayefaidika na chochote zaidi ya alichoshinda mezani. Kwa hiyo mwenye nyumba asimege chungu cha mchezo. Pilau mchangieni pembeni, kabla karata hazijagawiwa.

SWALI: Shangazi, mimi na ndugu yangu tulifunga hesabu tukiwa na karata tano zilizolingana kwa nguvu, tena za mfululizo. Yake ilikuwa na shupaza nyingi, yangu kopa na uru. Anadai shupaza ni kubwa. Na je, ree inaweza kuwa 1?
Mwenye Kopa, Mombasa

JIBU: Mwambie nduguyo hiyo ni michezo mingine. Kwenye poka shupaza, kopa, uru na pau ziko sawa, mnagawana. Ree inaanza mfululizo, ree-2-3-4-5, na inaufunga, 10-J-Q-K-ree, lakini haikai katikati: K-ree-2 ni takataka. Na mkigawana ikabaki chipu moja isiyogawanyika, apewe aliye wa kwanza kushoto kwa mgawaji.