Mguu wa meza ya kale unacheza: niutie skrubu?

SWALI: Fundi, nina meza ya duara ya mahogani kutoka Uingereza, inasemekana ni ya miaka ya 1760. Ina nguzo moja, miguu mitatu iliyopinda, na uso unaoinuliwa ukasimama wima. Mguu mmoja umelegea. Naweza kuukaza kwa skrubu? Tena nimepima uso: upande mmoja sentimita 79, upande mwingine 78.2. Si feki hii?

JIBU: Skrubu weka kando. Kichwa cha kila mguu kimechongwa ulimi uliopanuka nchani na kubana shingoni, kisha ukasukumwa kutoka chini ndani ya mfereji wa umbo hilohilo kwenye nguzo. Ukiuvuta kando hautoki. Hutoka kwa kuteremka tu. Meza ikibeba uzito, au ikiburutwa, sehemu ya chini ya ulimi hujivuta nje, na gundi ikishachoka kuta za mfereji hupasuka. Ndiyo maana chini ya nguzo hupigiliwa bamba la chuma lenye mikono mitatu, kila mkono ukishika mguu wake. Skrubu ya mshazari itaupasua ulimi, na ufa uhamie kwenye nguzo.

Ondoa uso, pindua nguzo miguu iwe juu, fungua bamba na weka alama kila mguu na mfereji wake. Dondosha spiriti kwenye kiungo kwa sindano ya hospitali, kidogo kidogo, maana ikimwagika nje inakula rangi. Gundi ya zamani ni ya ngozi ya wanyama. Spiriti huifanya ikatike. Subiri, kisha, kwa kuwa nguzo imepinduliwa, gonga mguu kwa nyundo ya mbao kuelekea juu, sambamba na nguzo. Wengi hugonga kwenda nje, na hapo ndipo nguzo huvunjika.

Safisha gundi kuukuu kwa maji ya uvuguvugu na mswaki. Patasi usiiguse: ukikwangua mbao, kiungo kitalegea zaidi. Ulimi ukipwaya, bandika ubavuni ubale mwembamba wa mahogani, nyuzi zake, ile mistari ya asili ya mbao, zikielekea upande mmoja na za mguu. Nguzo ikiwa na ufa, gundisha ufa kwanza na uufunge kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Tumia gundi ileile ya ngozi, iliyopashwa katika chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto, nyuzi joto 60 hivi; ikichemka inapoteza nguvu. Iache saa 24. Epoksi hapana: fundi atakayekuja baadaye hataweza kuifungua.

Kuhusu vipimo, tofauti hiyo inakutetea. Mbao husinyaa kukata nyuzi, na kufuata nyuzi karibu haisinyai kabisa, kwa hiyo duara la karne mbili na nusu haliwezi kubaki duara kamili. Hakikisha tu kwamba kipimo kifupi ndicho kinachokata nyuzi.

Lakini hilo linahusu uso peke yake. Nyuso nyingi zimefungwa kwenye nguzo zisizo zao. Tazama chini ya uso: matundu ya skrubu yasiyo na kazi, au alama ya kizuizi kinachoushika uso kwenye nguzo isiyolingana na kizuizi kilichopo, ni dalili mbaya. Skrubu za enzi hizo zilikatwa kwa mkono, ncha butu, na mfuo wa kichwani mara nyingi haukai katikati. Na zile mbao mbili zinazokatiza chini ya uso zibaki na skrubu tu. Ukizitia gundi, uso utakosa nafasi ya kusinyaa na utapasuka.