Tiki Moja Kwenye Jedwali: Kwa Mnaoanza Kazi Taasisi za Utafiti

Wiki iliyopita niliwaona vijana watatu wakishuka stesheni ya Tabora na mabegi yao, kila mmoja bahasha ya kaki kaibana kwapani. Nilijua wanakwenda kuripoti kazini kabla hawajaniuliza njia. Ile bahasha ndiyo iliyonifanya niandike haya. Nimekuwa afisa utumishi kwenye vituo vya utafiti vya huku magharibi, Kigoma na Tabora, kwa miaka 19, na mashauri yaliyonikosesha usingizi hayakuwa ya fedha wala ya nyumba za watumishi. Yalikuwa ya vyeti, tena vyeti vya watu waliosoma kwelikweli.

Ukitaja mgogoro wa vyeti, wengi wanakumbuka Aprili 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa pale Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hilo ni jinai na halihitaji maelezo marefu. Mimi nasemea jambo jingine. Cheti ni halali, chuo kipo, mwenye cheti anafahamika, lakini watu hawakubaliani kama cheti hicho kinatosha kwa nafasi inayogombewa. Leo wewe ni Mtafiti Msaidizi na unaona hayakuhusu. Yatakuhusu siku utakapoomba ukuu wa idara au wa kituo, na siku hiyo utapimwa kwa karatasi ulizoanza kuzikusanya au kuzipoteza mwaka huu.

Nitasimulia shauri moja nililoliona tangu mwanzo hadi mwisho. Taasisi siitaji, na watu wenyewe siwataji.

Ilitangazwa nafasi ya mkuu wa utafiti. Tangazo lilitaka shahada ya uzamivu "katika sayansi ya kilimo au fani inayolingana", machapisho, na uzoefu katika ngazi ya juu ya utafiti. Baada ya mchujo walibaki wawili wenye nguvu. Mmoja alikuwa ameikaimu nafasi hiyo karibu miaka 3. Huyu ni mzee anayelijua kila shamba la majaribio kwa mguu, uzamivu wake ni wa ekolojia ya misitu. Mwingine alikuwa kijana, karudi juzi tu kutoka masomoni ng'ambo, uzamivu wake ni wa kilimo hasa. Ila ndani ya bahasha ya kijana hapakuwa na cheti. Palikuwa na barua ya chuo yenye mhuri, ikisema amekamilisha masharti yote ya shahada na atatunukiwa kwenye mahafali yajayo.

Jedwali la mchujo nililijaza mimi. Safu ya tano ilikuwa na kichwa kimoja tu: "PhD". Nikaisoma ile barua, nikaamini, nikaweka tiki.

Kamati ya usaili iliiona tiki, haikuiona barua. Bodi nayo ikaiona tiki. Kijana akateuliwa. Mzee akalalamika kwamba siku ya kufungwa maombi mwenzake hakuwa na shahada, na barua ya utambuzi wa shahada ile kutoka Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ilikuja miezi mingi baadaye. Upande wa taasisi ukajibu kwamba hata yeye mzee hakufaa, kwa kuwa misitu siyo kilimo. Watu wawili waliokuwa wakinywa chai meza moja wakaanza kupekuana shahada. Shauri likapanda ngazi za utumishi wa umma, kisha likafika Mahakama Kuu hapa Tabora kwa njia ya mapitio, yaani kuiomba mahakama ikague jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Mzee, ambaye wakati huo alishahamishiwa Kigoma, akawa anakuja kwa treni kila tarehe ya kutajwa, anashuka kachoka, mchana analala chini ya mwembe akisubiri treni ya kurudi.

Wakili wa Serikali alikuja ofisini kwangu kuandaa kiapo kinzani, yaani majibu ya taasisi kwa mahakama. Akafungua jalada, akaweka kidole juu ya ile barua ya chuo, akaniuliza kwa upole: "Dada, siku ya mwisho ya kupokea maombi, huyu bwana alikuwa na shahada au alikuwa na ahadi ya shahada?" Nilikaa kimya. Swali hilo nilipaswa kujiuliza mwenyewe nikiwa na kalamu mkononi.

Uteuzi ulitenguliwa na taasisi ikaambiwa itangaze upya. Kufikia hapo mzee alikuwa anaandaa mafao yake ya kustaafu, na kijana amepata kazi kwingine. Mwishowe hakuna kati yao aliyebaki na kiti kile. Misimu miwili ya majaribio ilipita bila mtu wa kutia saini bajeti.

Vijana wengi hudhani mahakama itapima nani kati yao ni mwanasayansi bora. Haifanyi hivyo. Inaangalia kama aliyeamua alikuwa na mamlaka, kama alifuata masharti aliyoyatangaza mwenyewe, na kama mlalamikaji alipewa haki ya kusikilizwa, ile iliyoandikwa kwenye Katiba yetu ibara ya 13(6)(a). Ukishinda, mara nyingi unarudishwa kwenye kikao kilekile ulichokikimbia. Cheo hupewi na jaji.

Wakili yule alinipa nisome hukumu ya Mahakama ya Juu ya India ya 1963 iliyokihusu Chuo Kikuu cha Mysore. Chuo kilitangaza nafasi ya juu ya utafiti katika somo la Kiingereza, kikataka uzamili wa daraja la kwanza au la pili la juu wa chuo cha India, au shahada ya nje inayolingana nao. Aliyeteuliwa alikuwa na uzamili wa India wenye alama 50.2 kwa 100, na mwingine wa Durham, Uingereza. Mahakama ya chini ikasema 50.2 haiwezi kuitwa daraja la pili la juu, ikatengua. Mahakama ya Juu ikaurudisha uteuzi: kama shahada ya Durham inalingana na ile ya India ni suala la kitaaluma, wataalamu wa bodi walikuwa wameridhika, na mahakama husita kuingilia hapo. Niliposoma nikaelewa tulipokosea sisi. Neno "inayolingana" lilikuwa mikononi mwa kamati yetu, lakini muhtasari wa kikao haukuwa na hata sentensi moja inayoonyesha kwamba waliijadili ekolojia ya misitu wala ile barua ya kukamilisha. Wataalamu hawakuwa wameamua kitu cha kuheshimiwa.

Ndugu zangu wa Kigoma hapa hunikatiza. Mbona Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alianza kazi Gombe mwaka 1960 bila shahada yoyote, na Cambridge ikampokea kusomea uzamivu bila kuwa na shahada ya kwanza? Ni kweli, na kazi aliyoifanya kwa sokwe wale dunia nzima inaijua. Lakini Cambridge ndiyo iliyokuwa na mamlaka ya kulegeza sharti lake, na ililegeza kabla hajaanza masomo. Hakuna aliyemwekea tiki kimyakimya. Kama taasisi yako inataka kumpokea mwenye sifa tofauti, iandike hivyo kwenye tangazo, ili na wengine wa aina yake waombe.

Sasa wewe unayeanza. Ukirudi na shahada ya nje, peleka maombi ya utambuzi TCU mwezi uleule, usingoje tangazo la kazi. Jina lako liwe moja kuanzia cheti cha kidato cha nne. Dada zangu mnaoolewa katikati ya masomo, mkibadili jina, hati ya kubadili isajiliwe na ikae pamoja na vyeti. Kama jina la shahada yako halifanani na kazi unayoifanya, omba chuo kikupe barua inayoeleza ulisoma nini na tasnifu yako ilihusu nini, na uiombe wakati msimamizi wako bado yupo kazini. Ukiambiwa "kaimu hapo kidogo", omba barua. Nimeona miaka minne ya kukaimu kwa mdomo ikihesabiwa sifuri kwenye usaili, na mwenye miaka hiyo akalia mbele yetu.

Tangazo lenyewe likitoka, litunze jinsi lilivyo, lenye tarehe. Nalo huwa linarekebishwa.

Muda ndio unaowamaliza watu. Rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ina siku 45 tangu upokee uamuzi. Kibali cha mapitio Mahakama Kuu kinaombwa ndani ya miezi 6. Aliyeajiriwa na shirika binafsi akaachishwa kazi ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Mtumishi wa umma asianzie huko, kwa sababu tangu marekebisho ya 2016 anatakiwa amalize kwanza njia za Sheria ya Utumishi wa Umma. Nimeona mashauri yenye hoja nzuri kabisa yakifia mlangoni kwa kosa hilo. Barua ya uamuzi ikikufikia, andika tarehe juu yake palepale na uitunze na bahasha yake, kwa maana siku zinahesabiwa kuanzia hapo na mwajiri anaweza kudai uliipata mapema.

Na kwa maafisa utumishi wapya, wadogo zangu hasa: safu ya tano ya jedwali langu siku hizi haina tiki. Naandika jina la karatasi, tarehe yake na aliyeitia saini. Karatasi isipokuwepo, naandika "haipo", na kamati inaisoma kabla mwombaji hajaitwa ndani.