Uliza njaa kabla ya kuuliza chakula: kwa maafisa lishe wanaoanza kliniki ya waliopasuliwa kupunguza uzito

Wengi wenu mkipangiwa kliniki hii mnakuja na kikokotoo. Chuoni mmefundishwa kwamba kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700, basi mnapiga hesabu: mgonjwa akipunguza 1,000 kwa siku, baada ya wiki moja na ushee atakuwa ametoa kilo. Kwenye karatasi inakaa vizuri. Lakini huyo dada aliyekaa mbele yako ameifanya hesabu hiyo kwa miaka. Ameacha wali, amekunywa maji ya ndimu asubuhi, amepungua, kisha kilo zote zimerudi na nyongeza. Kama kupunguza kalori kungekuwa suala la kuamua tu, asingekubali kupasuliwa.

Ndiyo maana mimi sianzi na "unakula nini?" Naanza na "njaa yako ikoje siku hizi?" Jibu lake linaniambia homoni zake ziko wapi, na homoni ndizo zinazoamua kama ataweza kuishi na zile kalori unazotaka kumwandikia.

Ila kwanza soma faili ujue alifanyiwa nini. Mtaani njia zote, iwe slivu, baipasi au puto, zinaitwa kukata utumbo, na mgonjwa mwenyewe atakwambia hivyohivyo. Kwenye slivu, utumbo haujaguswa: kilichokatwa na kutolewa ni sehemu kubwa ya tumbo la chakula, karibu asilimia 75 hadi 80, kikabaki kitu chembamba chenye umbo la ndizi. Kwenye baipasi, daktari ametengeneza kifuko kidogo juu na kukiunganisha na utumbo mwembamba kwa chini, chakula kikaruka sehemu iliyobaki ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Puto si upasuaji kabisa. Linaingizwa kwa mdomo na kutolewa baada ya miezi kadhaa, na mengi ninayosema hapa hayamhusu mwenye puto.

Sasa njaa. Mwaka 1999 watafiti wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa na wenzao, waligundua ghrelini, homoni inayochochea njaa. Inatengenezwa zaidi sehemu ya juu ya tumbo, inapanda kabla ya mlo na kushuka ukishakula. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2002, David Cummings na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ambayo nataka kila mmoja wenu ayashike: watu waliopungua kwa kujinyima chakula, ghrelini yao ya kutwa nzima ilipanda kwa asilimia 24. Yaani kadiri walivyopungua, ndivyo mwili ulivyozidi kuwadai chakula. Waliofanyiwa baipasi walikuwa na ghrelini ya chini sana ingawa nao walikuwa wamepungua mno. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote kuhusu baipasi, nyingine zilikuta ghrelini ikipanda tena. Kwenye slivu picha ni safi zaidi, kwa sababu ile sehemu inayoitengeneza ndiyo iliyotolewa.

Upande wa pili kuna homoni za shibe, GLP-1 na PYY, zinazotoka kwenye seli za utumbo, hasa sehemu za chini. Baada ya upasuaji chakula kinafika huko haraka kuliko zamani, na homoni hizo zinapanda mara kadhaa ya zilivyokuwa. Hapo ndipo mgonjwa anakwambia, "Afisa, nakula vijiko vitano nachoka," au "juzi nilisahau kula mchana." Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kusahau kula! Usimpongeze kwa nidhamu, maana hiyo si nidhamu. Mweleze kinachotokea mwilini ili siku njaa ikirudi asijione mkosefu.

Insulini nayo ina habari yake. Mwaka 1995 Walter Pories, daktari wa upasuaji wa North Carolina, aliandika kuhusu wagonjwa wake wa baipasi: wengi waliokuwa na kisukari cha aina ya pili, sukari ilirudi kawaida, mara nyingi ndani ya siku chache, kabla uzito haujashuka wa kutosha. Watu wakasema ni homoni. Kisha mwaka 2011 kundi la Roy Taylor kule Newcastle, Uingereza, likawapa wagonjwa wachache wa kisukari kilokalori 600 tu kwa siku, bila kuwapasua, na sukari ya asubuhi ikarudi kawaida ndani ya wiki moja, mafuta ya kwenye ini yakipungua. Kwa hiyo siku zile za kwanza, sehemu kubwa ya kazi inafanywa na kalori kuwa chache. Homoni zinachangia pale mgonjwa anapoanza kula tena na sukari bado inatulia.

Kwako wewe hilo lina maana moja ya haraka. Mgonjwa anayerudi wodini akiwa bado anameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, au kuchoma dozi yake ya zamani ya insulini, huku anakunywa supu tu, yuko hatarini sukari yake kushuka kupita kiasi. Kubadilisha dawa si kazi yako, lakini kumkumbusha daktari ni kazi yako, na siku hiyohiyo.

Kwenye kalori zenyewe, wiki za mwanzo atapata kama 400 hadi 800 kwa siku, kwa vinywaji na vyakula laini. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wengi wanakaa kati ya 1,000 na 1,500. Usihangaike sana na namba hizo mwanzoni. Hangaika na protini, angalau gramu 60 kwa siku, kwa sababu akikosa protini atapungua kweli, lakini kitakachopungua kitakuwa msuli, na msuli ukipungua mwili unatumia nishati kidogo zaidi hata akiwa amelala. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8 hivi. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Wakisagwa laini wakachanganywa kwenye supu au mtindi, hakuna unga wa kopo wa bei mbaya unaowashinda. Kitoweo kianze, ugali uje mwisho kama nafasi ipo, na mara nyingi haitakuwepo. Jiandae kumsaidia pia na watu wa nyumbani. Shangazi aliyepika pilau hataelewa kwa nini mgeni ameonja vijiko vitatu akaweka sahani pembeni, na mgonjwa atakula zaidi ya uwezo wake kwa aibu tu, kisha atatapika.

Kuna imani moja utaikuta hadi kwa wauguzi: kwamba aliyefanyiwa baipasi anapungua kwa sababu chakula "kinapita bure". Kwenye baipasi ya kawaida, kalori zinazopotea bila kufyonzwa ni sehemu ndogo, karibu moja ya kumi ya upungufu wote au chini ya hapo. Zilizobaki zinapungua kwa sababu anakula kidogo. Vinavyopotea kwa kutofyonzwa vizuri ni madini na vitamini: chuma, kalsiamu, vitamini B12. Kwa hiyo asiyemeza vidonge vyake vya madini na vitamini kwa kuamini chakula "kinapita bure" anapata hasara bila faida.

Katika wiki ya tatu au ya nne simu zitaanza. Mizani imegoma. Siku za kwanza mwili ulitumia wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli, na kila gramu ya wanga ule imeshikana na maji kama gramu tatu, ndiyo maana uzito ulianguka haraka. Baadaye maji yanajirekebisha na mizani inasimama hata kama mafuta yanaendelea kuondoka. Usimkatie kalori. Mwambie apime mara moja kwa wiki, na kipimo cha kiuno kiandikwe pia.

Kazi ngumu inakuja mwaka wa pili. Utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 chini ya Lars Sjöström ulionyesha kwamba waliofanyiwa baipasi walifikia upungufu wa asilimia 32 ya uzito ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, na baada ya miaka 10 walikuwa kwenye asilimia 25. Kurudi kidogo, basi, kumo ndani ya njia. Leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta yenyewe, inashuka mafuta yanapopungua, na ubongo unasoma hilo kama dalili ya ukame: unapunguza matumizi na kuongeza hamu. Upasuaji unaituliza vita hiyo lakini hauimalizi.

Hapa ndipo utakutana na mgonjwa anayenisumbua kuliko wote. Amefanyiwa baipasi mwaka na zaidi uliopita, anasema kila siku, kati ya saa moja na saa tatu baada ya kunywa chai, anatoka jasho, mikono inatetemeka, moyo unakimbia. Amejifunza dawa yake: soda. Anapata nafuu, kisha baada ya muda inamrudia, anakunywa nyingine, na uzito unapanda. Ukimsikiliza kwa kikokotoo utaona mtu anayekunywa soda mbili za mililita 500 kwa siku, kila moja ikiwa na sukari ya gramu 50 hivi, na utamsema. Lakini angalia kilichoanzisha. Asubuhi alikunywa chai ya sukari na maandazi. Wanga ule ukaingia utumboni kwa kasi, GLP-1 ikaruka juu, kongosho likamwaga insulini kupita kiasi, sukari ikaanguka. Soda inaanzisha mzunguko uleule upya. Tiba haianzii kwenye soda, inaanzia kwenye ile chai: yai au maharage yaliyoiva vizuri badala ya maandazi, sukari ndogo au hakuna, milo midogo yenye protini. Sukari ikishuka kweli, apate sukari kidogo ya kumnyanyua na baada yake kitu chenye protini. Ikiendelea, daktari anaweza kumpa akabozi, dawa inayochelewesha wanga kusagwa utumboni. Akipoteza fahamu au akichanganyikiwa, hiyo si ya kliniki ya lishe tena.

Kwa wanawake, ongeeni kuhusu uzazi kabla hawajapasuliwa. Mwili mnene huvuruga homoni za mayai, hasa kwa wenye vifuko kwenye ovari, na wapo walioambiwa hawatashika mimba. Uzito unaposhuka, hedhi inarudi kwenye mstari, na mimba inaingia wakati yeye anakula kilokalori 800. Ushauri wa kawaida ni kusubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki sana baada ya baipasi, na sindano ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi yao, hivyo kijiti au kitanzi vijadiliwe na mhusika. Akija kuwa mjamzito, iandikwe wazi kwenye kadi yake ya kliniki kwamba alifanyiwa upasuaji huu, kwa sababu kile kipimo cha kisukari cha kunywa glukosi kinaweza kumwangusha, na apimwe sukari kwa njia nyingine.

Ramadhani ikikaribia wataulizia. Mwaka wa kwanza mimi huwashauri wasifunge, kwa sababu ya maji kuliko chakula: tumbo dogo haliwezi kunywa lita mbili kati ya futari na daku. Wengi wanahitaji kulisikia kwa shehe pia, na ni vizuri ukamjua shehe mmoja wa kumwelekeza mgonjwa kwake.

Jambo la kutapika msilichukulie kikawaida. Anayetapika mfululizo kwa wiki na zaidi anaishiwa vitamini B1, na akianza kuona viwili viwili, kuyumba au kuongea ovyo, ubongo umeanza kuumia. Apewe B1 kwanza, ndipo dripu ya glukosi. Ukimkuta muuguzi ametundika glukosi peke yake, sema, hata kama wewe ndiye mdogo kuliko wote chumbani.

Na anapokuja yule wa mwaka wa tatu, kilo nane juu, ameinamisha kichwa, rudi kwenye swali la njaa. Akikwambia njaa imerudi, inamwamsha usiku, anashiba na baada ya saa moja anatafuta tena, usimpe karatasi ya milo aondoke nayo. Mrudishe kwa daktari: huenda tumbo limetanuka, huenda anastahili dawa zinazoiga GLP-1 kama semaglutaidi, huenda kuna dawa nyingine anayotumia inayomnenepesha, kama steroidi. Akikwambia hana njaa kabisa, kaeni mpitie siku moja mwanzo hadi mwisho, hasa vitu visivyohitaji kutafunwa na vile visivyokaa kwenye sahani: juisi ya ukwaju, karanga za kwenye gari, maziwa ya chai, kijiko kikubwa cha mafuta chenye kilokalori 120 kilichoongezwa kwenye mboga. Andika kwenye faili ni yupi kati ya hao wawili, ili atakayemwona mwezi ujao asianze upya.