Atoke ofisini kwanza, halafu aombe kura

Mhariri, mmeuliza wiki hii: mtumishi wa umma asiyekubaliana na serikali anyamaze, au aende upinzani? Mimi nasema aende, ila atoke ofisini kwanza. Na tusimpime kwa siku aliyoacha kazi, maana siku hiyo wapiga makofi hawakosekani.

Mtazameni Andrew Wilkie wa Australia. Alikuwa luteni kanali jeshini, kisha mchambuzi wa taarifa za kijasusi serikalini. Machi 2003, siku chache kabla ya Iraki kuvamiwa, alijiuzulu na kusema hadharani kwamba tishio lililotajwa halikutosha kuhalalisha vita. Watu wa serikali wakambeza eti Iraki haikuwa fani yake. Silaha za maangamizi zilizodaiwa kuwa Iraki hazikuonekana mpaka leo.

Baada ya hapo ni kushindwa tu. Mwaka 2004 aligombea kwa tiketi ya Chama cha Kijani katika jimbo la waziri mkuu mwenyewe, John Howard, akaanguka. 2007 akaanguka tena. Mapema 2010 akakosa kiti cha bunge la jimbo la Tasmania kwa kura chache mno. Agosti mwaka huohuo, sasa akiwa mgombea binafsi, akaingia bunge la shirikisho kutoka Hobart, mji mkuu wa Tasmania, ingawa katika hesabu ya kwanza alikuwa wa tatu! Kule mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, na kura za wanaoondolewa huhamia kwa waliobaki.

Bunge halikuwa na chama chenye wingi, hivyo kura yake ikawa lulu. Kiongozi wa upinzani, Tony Abbott, akamwahidi dola bilioni 1 kwa hospitali ya Hobart. Akazikataa, akaona ahadi hiyo karibu ni ya kukurupuka, akamuunga mkono waziri mkuu Julia Gillard aliyeahidi milioni 340 pamoja na sheria ya kudhibiti mashine za kamari. Wanaosema watu wa aina hii hufuata ulaji watueleze hapo.

Gillard naye akamgeuka. Novemba 2011 alipata spika kutoka upinzani badala ya wa chama chake, akaongeza kura moja, hivyo hakumhitaji tena Wilkie kama mwanzo, na Januari 2012 sheria ya kamari ikawekwa kando. Wilkie akaondoa uungaji mkono wake, lakini serikali haikuanguka. Wapiga kura wa Hobart wameendelea kumrudisha bungeni, mara ya mwisho 2025, bila chama nyuma yake.