Mtoto Asiyekuwamo Kwenye Orodha: Ushauri kwa Mtafiti wa Elimu, Afya na Majanga

Katika mwaka wangu wa pili wa kazi ya utafiti, nilitumwa pamoja na wenzangu kupima maarifa ya wanafunzi katika shule zilizokuwa zimekumbwa na mafuriko miezi michache kabla. Tulikuta madarasa yamesafishwa, vipindi vinaendelea na rejesta zimejazwa vizuri. Tukatoa mtihani uleule uliokuwa umetolewa kabla ya mafuriko, tukasahihisha, na wastani ukawa umepanda. Tulikuwa tumekwisha kuanza kuandika kwamba shule zile zilistahimili janga, hadi mwalimu mmoja wa darasa la tano alipoitazama orodha yetu na kuuliza kwa utulivu mbona majina ya watoto fulani hayamo. Hayakuwamo kwa sababu watoto wenyewe hawakuwapo. Wale wa kaya zenye hali ngumu zaidi, ambao wengi wao ndio waliokuwa wakipata alama za chini, walikuwa wamehama na wazazi wao au wameacha masomo ili wasaidie kutafuta riziki. Wastani ulipanda kwa sababu wao waliondoka, wala si kwa sababu waliobaki walijifunza zaidi.

Tangu siku ile, kijana yeyote anayeniomba ushauri kuhusu utafiti wa aina hii huwa namwambia aanze na swali la mwalimu yule: nani hayumo, na kwa nini? Swali hili lina uzito wa pekee katika nchi zinazoendelea, kwa sababu takwimu zetu nyingi hutoka katika taasisi, na taasisi huwajua wale tu wanaozifikia. Shule inamjua mwanafunzi anayehudhuria, na kituo cha afya kinamjua mgonjwa aliyepata nauli ya kufika. Hata kumbukumbu za majanga zina kizingiti chake. Hifadhidata ya majanga duniani iitwayo EM-DAT, inayotunzwa nchini Ubelgiji tangu mwaka 1988 na kutegemewa na watafiti wengi, huingiza tukio iwapo limeua watu 10 au zaidi, au limeathiri watu 100 au zaidi, au serikali imetangaza hali ya hatari ama kuomba msaada wa kimataifa. Kijito kinachofurika kila masika, kikawazuia watoto wachache kwenda shule kwa wiki mbili na mjamzito mmoja kufika kliniki, kinaweza kupita miaka kumi bila kuandikwa popote. Kwa hiyo usiichukue hifadhidata kuwa historia kamili ya eneo lako. Waulize wakazi maji yalifika wapi, na katika miaka ipi.

Utafiti ninaowaelekeza vijana mara nyingi zaidi ni ule uliofanywa kaskazini mwa Pakistan baada ya tetemeko la Oktoba 8, 2005, lililokuwa na ukubwa wa 7.6 na kuua zaidi ya watu 70,000. Watafiti wake, Tahir Andrabi, Benjamin Daniels na Jishnu Das, hawakuishia shuleni; waliwafuata watu majumbani, miaka minne baadaye, wakalinganisha kaya zilizokuwa karibu na ufa wa ardhi ulikotokea tetemeko na zile zilizokuwa mbali. Kwa upande wa mali na afya za watu wazima, tofauti ilikuwa karibu imefutika, na misaada ilikuwa imefanya kazi yake. Lakini watoto waliokuwa tumboni au chini ya miaka mitatu siku ya tetemeko walikuwa wafupi kuliko wenzao, na wale wa umri wa shule walikuwa nyuma katika mitihani kwa pengo kubwa kuliko lile ambalo miezi michache ya kufungwa kwa shule ingeweza kulieleza. Watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza shule ya msingi walikingwa na pengo hilo la masomo, ingawa si na lile la kimo. Mtafiti ambaye angehesabu nyumba zilizojengwa upya peke yake angetangaza kwamba eneo limepona. Ndiyo maana nasisitiza kwamba elimu, afya na majanga yachunguzwe pamoja, ndani ya kaya ileile, na kwamba ratiba iruhusu kurudi baada ya miaka kadhaa, wakati magari ya misaada yamekwisha kuondoka.

Kuhusu mahudhurio, usitegemee rejesta peke yake. Katika utafiti wa dawa za minyoo ulioanza mwaka 1998 katika shule 75 za Busia, Kenya, watafiti walizitembelea shule bila kutoa taarifa na kuhesabu watoto waliokuwapo kwa macho yao. Miaka mingi baadaye waliwatafuta watoto hao wakiwa watu wazima, wakiwemo waliokuwa wamehama. Kazi ya kutafuta waliohama ni ghali na inachosha, na ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapobana. Mimi naona ni afadhali kupunguza ukubwa wa sampuli kuliko kuikata kazi hiyo. Sisi tulipata majina kutoka kwa mwalimu yule, tukawauliza majirani na ndugu, na baada ya wiki tatu tukawa tumewapata wengi wao. Tulipowapima na kuwajumuisha, wastani ulishuka chini ya ule wa kabla ya mafuriko, nasi tukaandika ripoti upya.

Jambo la mwisho ni zito kwangu kuliko yote. Katika kambi ya waathirika nilimhoji mama mmoja kwa karibu saa nzima, akajibu kila swali kwa subira, hata yale yaliyohusu mtoto wake aliyefariki. Nilipofunga dodoso akaniuliza, "Sasa mwanangu, hayo mahema yanakuja lini?" Nilikuwa nimemsomea maelezo ya ridhaa naye alikuwa ameyakubali, lakini alikubali akiamini kwamba majibu yake yangemletea msaada. Tangu hapo, mdadisi ninayemfundisha huanza kwa kusema wazi kwamba mahojiano hayaleti wala hayazuii msaada, kisha humwomba mhojiwa alieleze hilo kwa maneno yake mwenyewe kabla ya swali la kwanza. Hubeba pia orodha ya mahali ambapo chakula, tiba na makazi hupatikana kweli siku hiyo, na humwachia mhojiwa nakala yake, awe amekubali kuhojiwa au amekataa.